Nywele za kipilipili na mitindo ya zamani: Urembo usiodai moto wala dawa

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga. Ni vigumu kupata mahali ambapo methali hiyo imethibitika zaidi kuliko kichwani mwa mwanamke wa Kiafrika. Kwa zaidi ya miaka mia moja, nywele za kipilipili zimechomwa kwa machanuo ya chuma yaliyopashwa moto jikoni, zikapakwa dawa kali na kuvutwa hadi ngozi ikatoka vipele, almuradi tu zifanane na mitindo iliyokuwa ikivuma Ulaya na Marekani.

Mitindo hiyo sasa imekuwa ya kale, na kama ilivyo ada ya mambo ya urembo, ya kale yamerejea. Mawimbi ya miaka ya 1920, mikunjo ya mbele ya miaka ya 1940, mzinga wa miaka ya 1960 na afro ya miaka ya 1970 yanaonekana tena harusini, jukwaani na katika picha za mahafali. Linaloulizwa na wengi ni iwapo anayetamani sura ya nyanya yake hana budi kupitia pia mateso ya nyanya yake.

Jibu ni kwamba hana haja. Aghalabu kilichodhuru nywele si mtindo wenyewe, bali njia iliyotumiwa kuufikia. Nywele za kipilipili, zikiandaliwa kwa maji, uzi na subira, huweza kushika takriban mitindo yote hiyo, na baadhi huishika vizuri zaidi kuliko nywele zilizonyooka.

UMBO LA NYWELE

Unywele wa kipilipili huota kutoka kwenye shina lililopinda chini ya ngozi. Ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini, hauonekani wa duara bali ni bapa kiasi. Kwa sababu hiyo hujikunja unapoendelea kukua, mithili ya springi. Umbo hilo huleta mambo matatu ambayo msusi yeyote sharti ayafahamu.

Kwanza, mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayateremki kwa urahisi hadi ncha, hivyo nywele hukauka upesi. Pili, kila penye kona pana udhaifu, na ndipo unywele hukatikia unapochanwa kwa nguvu. Tatu, nywele hujikunyata. Shungi ambalo likivutwa hufika sentimita 20 huenda likaonekana halizidi sentimita 10 linapoachiliwa. Fauka ya hayo, nywele za Mwafrika hukua polepole, kwa wastani chini ya sentimita moja kwa mwezi. Zilizokatika leo huchukua muda mrefu kurudi.

Umbo la nywele hushikiliwa na viungo vya aina mbili ndani ya protini yake. Vipo viungo hafifu, ambavyo hufunguka nywele zinapoloa na kujifunga upya zinapokauka. Ndiyo maana nywele zilizokaushwa zikiwa zimenyooshwa hubaki hivyo hadi zitakapolowa tena. Vipo pia viungo imara vya salfa, ambavyo maji hayaviwezi. Hivyo huvunjwa na dawa za kulainisha nywele, na vikishavunjwa unywele huo haurudii hali yake ya awali.

Mtindo wa zamani unaotengenezwa kwa maji na uzi hutumia viungo vya kwanza pekee. Ukiuchoka, unaosha nywele na kila kitu hurudi kama kilivyokuwa.

SAFARI YA MITINDO

Mwaka wa 1872, Mfaransa Marcel Grateau alianza kutengeneza mawimbi ya nywele mjini Paris kwa koleo la moto. Kufikia miaka ya 1920, mawimbi yalikuwa yakitengenezwa kwa vidole na chanuo juu ya nywele zilizolowa, na wanawake weusi hawakuachwa nyuma. Josephine Baker, mzaliwa wa St. Louis aliyehamia Paris mnamo 1925, alijulikana kwa nywele fupi zilizolazwa na kung'aa, huku vishungi vidogo vikiwa vimebandikwa kwenye paji la uso. Umaarufu wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mafuta ya nywele yaliuzwa kwa jina la Bakerfix.

Nchini Marekani wakati huo, wanawake kama Annie Turnbo Malone na Madam C.J. Walker walikuwa wamekwisha kujenga biashara kubwa za bidhaa za nywele kwa wateja weusi. Chanuo la moto lilikuwa limeenea. Inasimuliwa kwamba ua jeupe ambalo mwimbaji Billie Holiday alizoea kulivaa kichwani lilianza kama njia ya kuficha sehemu ya nywele iliyoungua kwa koleo kabla ya kupanda jukwaani. Iwe ni kweli kamili au la, kisa hicho kinaonyesha gharama iliyofichika nyuma ya picha nyingi za enzi hizo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mwaka wa 1960, msusi wa Illinois, Margaret Vinci Heldt, alibuni mtindo uliopewa jina la mzinga wa nyuki kwa ajili ya jarida la wasusi. Ulisambaa duniani kote. Afrika Mashariki, sura ya nywele zilizotuna ilipatikana aghalabu kwa kuvaa wigi. Wigi hizo zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyopigwa marufuku Tanzania katika Operesheni Vijana, iliyotangazwa na vijana wa TANU mnamo 1968, pamoja na sketi fupi na krimu za kujichubua.

Wakati huohuo mkondo ulikuwa umeanza kubadilika. Miriam Makeba wa Afrika Kusini, ambaye wengi nchini Kenya humkumbuka kwa kuuimba wimbo 'Malaika', alipanda majukwaa ya Marekani akiwa na nywele zake za asili. Muda si muda afro ikawa alama ya fahari ya watu weusi. Kampuni ya Johnson Products ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka wa 1954 na kuvuma kwa dawa za kunyoosha nywele, iligeukia mafuta ya afro yaliyoitwa Afro Sheen. Matangazo yake yaliwaita wateja kwa Kiswahili, 'wantu wazuri', yakimaanisha 'watu wazuri'. Ijapokuwa tahajia ilipotoka, nia ilikuwa bayana: nywele zisizonyooshwa zilikuwa zimepata lugha ya kujisifia.

Afrika yenyewe haikuwa imesubiri kufundishwa. Mnamo 1968 mpigapicha wa Nigeria, J.D. 'Okhai Ojeikere, alianza kupiga picha za mitindo ya nywele ya wanawake wa nchi yake, na kazi hiyo ikazaa takriban picha elfu moja. Nyingi ni za nywele zilizofungwa uzi na kusimamishwa kama minara. Nchini Rwanda, vijana waliotafuta wachumba walinyolewa amasunzu, matuta ya nywele yenye umbo la mwezi mwandamo. Chanuo lenye meno marefu nalo lina historia ndefu. Maonyesho yaliyofanywa mwaka wa 2013 katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam, Cambridge, yalifuatilia asili yake hadi Misri ya takriban miaka 6,000 iliyopita.

Urithi huo ndio uliozua mjadala mnamo 2016, pale mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o alipohudhuria tamasha la Met Gala mjini New York akiwa na nywele zilizopanda juu kama mnara. Jarida la Vogue lilidhani ameiga sura ya Audrey Hepburn. Nyong'o alijibu kwa kuonyesha picha za Nina Simone na za wanawake wa Kiafrika wa kale. Miaka miwili baadaye, katika tuzo za Oscar, alivaa mtindo uliotokana na amasunzu.

MAANDALIZI

Kazi yote huanzia kwenye kuosha. Nywele huoshwa kwa shampuu isiyokausha, kisha hupakwa kondishona na kuachwa kwa dakika kadhaa. Zikiwa bado na utelezi, hufumuliwa kwa vidole, halafu kwa chanuo lenye meno mapana, kuanzia nchani na kupanda polepole hadi kwenye shina. Anayeanzia kwenye shina husukuma mafundo yote kuelekea chini na kuyakaza.

Baada ya kusuuza, hupakwa mafuta kidogo ya nazi au ya nyonyo ili unyevu usipotee haraka. Kichwa hugawanywa katika mafungu kati ya manane na kumi na mawili.

Hatua inayofuata ndiyo inayochukua nafasi ya moto: kufunga uzi. Kila fungu huzungushiwa uzi wa nywele kuanzia karibu na shina hadi nchani, mizunguko ikikaribiana, na fundo likifungwa mwisho. Uzi unyooshe unywele bila kuvuta ngozi. Nywele zikae hivyo usiku kucha hadi zikauke kabisa. Asubuhi uzi unapofunguliwa, nywele huwa zimerefuka na kulainika, ilhali viungo vyake imara havijaguswa. Mbinu hiyo ndiyo ileile iliyotumiwa na akina mama wa vijijini kwa vizazi vingi kabla ya umeme kufika.

Vifaa vingine ni vya kawaida: pini za nywele, kitana chenye mkia mwembamba, kitambaa laini cha hariri au satini, na jeli. Jeli inaweza kutengenezwa nyumbani kwa kuchemsha robo kikombe cha mbegu za kitani katika vikombe viwili vya maji, huku ikikorogwa hadi iwe na mrenda, kisha ikachujwa ingali moto. Bamia zilizokatwa na kuchemshwa hutoa mrenda wa aina hiyohiyo. Jeli ya namna hii huwekwa kwenye jokofu na kutumiwa kwa siku chache tu, kwa kuwa haina kitu cha kuizuia isioze.

MAWIMBI YA MIAKA YA 1920

Mtindo huu hupendeza zaidi kwenye nywele fupi ambazo zimekwisha kunyooshwa kwa uzi. Njia hupasuliwa upande mmoja. Nywele hunyunyiziwa maji na kupakwa jeli ya kutosha, kisha huchanwa kwa mpindo wa nusu duara kuelekea usoni. Kidole cha shahada huwekwa juu ya nywele kuzishikilia, na kitana huzisukuma upande wa pili kwa kiasi cha sentimita mbili, hadi tuta lijitokeze kando ya kidole. Tuta hilo hubanwa kwa pini. Kidole huteremka chini kidogo, na safari hii kitana husukuma kuelekea upande ulio kinyume. Hivyo ndivyo wimbi hufuatana na wimbi.

Siri iko kwenye kukausha. Pini hazitolewi hadi nywele zikauke kikamilifu, jambo linaloweza kuchukua saa kadhaa. Nywele zenye mkunjo mdogo sana huenda zisishike wimbi bapa. Kwa nywele hizo, msusi husuka misokoto inayolala kichwani kwa mpindo wa nyoka, na sura inayopatikana hukaribiana sana na ile ya awali. Mtindo hudumu siku mbili au tatu iwapo utafungwa kitambaa usiku na kuepushwa na mvua.

MIKUNJO YA MIAKA YA 1940

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanawake wengi wa Marekani na Uingereza waliingia viwandani, na nywele zilizoning'inia karibu na mashine zilikuwa hatari. Zilipandishwa juu, zikakunjwa mbele, na nyuma zikafunikwa kwa wavu au kitambaa.

Kwa wenye nywele nyororo, kazi ilikuwa kuzichana kinyumenyume ili zitune. Nywele za kipilipili hazihitaji adhabu hiyo maadamu zimetuna tayari. Fungu la mbele, kutoka sikio hadi sikio, hutengwa na kugawanywa mara mbili. Kila upande huchanwa kwenda juu, ncha huzungushwa kwenye vidole viwili, na mkunjo huviringishwa kuelekea kichwani hadi ukae juu ya paji kama bomba. Pini mbili zilizopishana ndani ya mkunjo hutosha kuushika. Nywele za nyuma hukusanywa shingoni bila kukazwa.

Asiyependa mikunjo miwili huweza kuviringisha fungu lote la mbele kuwa shungi moja lililoinuka. Ua kando ya sikio hukamilisha sura ya enzi hizo. Kwa wanawake wa Pwani, wenye mazoea ya asumini, hilo si jambo geni.

MZINGA WA MIAKA YA 1960

Nywele zilizotolewa uzi hugawanywa sehemu mbili: ukanda mwembamba wa mbele wenye upana wa vidole vitatu, na zilizosalia zote. Zilizosalia huinuliwa kwa vidole hadi utosini na kufungwa kwa kipande laini cha soksi ndefu, bila kukaza. Ncha hukunjwa ndani na kupigwa pini kuzunguka. Iwapo kimo hakitoshi, soksi iliyoviringishwa huwekwa katikati kama mto mdogo. Kisha ukanda wa mbele huchanwa kwa upole, ukafunika yote kwa juu na kubanwa nyuma. Utepe mpana huficha mahali sehemu hizo mbili zinapokutana.

Mzinga wa awali ulisimama kwa nguvu ya dawa ya kupuliza. Huu wa kipilipili husimama kwa nguvu zake wenyewe.

AFRO NA UZI WA MIAKA YA 1970

Wengi hudhani afro ni nywele zilizoachwa tu. La hasha. Afro ya duara hukatwa na kinyozi nywele zikiwa kavu, zikiwa zimechanuliwa kikamilifu, kwa kuwa zilizolowa hudanganya urefu. Chanuo huingizwa kwenye shina na kuinuliwa hadi katikati tu. Ncha huachwa zijikunje, na hapo ndipo umbo hutunzwa bila kukatika. Usiku husokotwa misokoto minane hivi, na asubuhi hufumuliwa.

Nywele za uzi nazo zinaweza kuvaliwa kama mtindo kamili badala ya maandalizi. Mafungu yaliyofungwa uzi mweusi huinamishwa na kuunganishwa kama madaraja, au huachwa yasimame. Ni mtindo ambao wanafunzi wengi wa miaka hiyo waliufahamu vyema, na ambao leo huvaliwa na maharusi.

TAHADHARI

Hata njia ya asili ina mipaka. Uchunguzi uliochapishwa mnamo 2007 na mtaalamu wa ngozi Nonhlanhla Khumalo na wenzake mjini Cape Town ulibaini kuwa takriban theluthi moja ya wanawake waliochunguzwa walikuwa wamepoteza nywele kutokana na kuvutwa. Dalili huanzia kwenye kingo za paji na kando ya masikio: maumivu, vipele vidogo, kisha nywele kupungua. Zikigunduliwa mapema, nywele huota tena. Zikipuuzwa kwa miaka, shina hufa na upara huwa wa kudumu. Kanuni ni moja: mtindo unaouma umekazwa kupita kiasi, na unapaswa kulegezwa siku hiyohiyo. Uzi usikae kichwani zaidi ya wiki mbili.

Kuhusu dawa za kunyoosha, sababu za kujihadhari zimeongezeka. Mnamo Oktoba 2022, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kufuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Walikadiria kuwa asilimia 1.64 ya wasiowahi kutumia dawa hizo wangepata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70. Miongoni mwa waliozitumia mara kwa mara, kiwango kilikuwa asilimia 4.05. Utafiti wa aina hiyo huonyesha uhusiano tu, wala hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo. Hata hivyo, wanawake weusi ndio waliokuwa wengi miongoni mwa watumiaji, na wengi huanza wangali wadogo.

Anayetaka kujaribu mitindo hii kwa mara ya kwanza kwa ajili ya harusi au sherehe asingoje siku yenyewe. Afunge uzi wiki mbili mapema, atengeneze mtindo mmoja, alale nao, kisha atazame asubuhi umebaki vipi. Kila kichwa kina mkunjo wake, na msusi hodari ni yule aliyekwisha kuufahamu kabla hajashika pini.